Mrejesho: chumba cha sinema cha chini, Langoni Lamu

Salaam wadau, niliwauliza vipi nitazuia sauti kwenye kile chumba cha chini nyumbani nikifanye cha kutazamia filamu bila kumkosesha usingizi mama anaelala juu. Ahsanteni sana mlojibu.

Alosema trei za mayai za kubandika ukutani hazizuii sauti alisema kweli, zile na sponji zapunguza mwangwi mle ndani tu, hela ya trei nikaihamishia kwenye mlango. Kuta sikuzigusa, ni za matumbawe na chokaa, nene kwelikweli, na alonionya nisizipige saruji maana unyevu na chumvi hazitakua na pa kutokea, Mungu ambariki. Sauti ilikua yatokea mlangoni na kwenye tundu la hewa basi. Nimetia mlango wa mbao nzito, mpira kuzunguka fremu yote na brashi chini, sasa ukikaa kibarazani maneno ya filamu huyasikii wallahi.

Bezi, ile sauti nzito ya chini, ndo imenishinda nusu. Subwufa, spika ya bezi, nimeilaza juu ya mpira mzito, kumepungua, lakini boriti za dari bado zatetema na mama asema asikia du du du. Dari ya pili ya jipsam mlonishauri bado, kuzileta bodi zile za jipsam kwa boti toka Mokowe kule bara halafu punda, gharama sijaiweza. Kwa sasa saa nne usiku ikifika bezi naizima.

Na joto, tundu ukiliziba hukai mle. Nimeweka bomba pana lenye kona mbili na sponji ndani, upepo wapita, sauti haitoki sana.