Tupeane uzoefu: kundi la kusomea mtandaoni linalomsaidia kila mtu pale alipokwama

Chimwaga: Wadau wa vyuo vya Dodoma, UDOM, St. John's, Mipango na CBE, karibuni. Kundi la kozi lenye watu 300 ni ubao wa matangazo tu: CR (kiongozi wa darasa) anatupia ratiba, desa (nukuu za somo) linafuata, kimya. Lipangweje ili kila mtu apate msaada wake? Hadithi tuziache, leteni hatua.

Ng'ong'ona_B: Kwanza, msipange watu kwa GPA (wastani wa alama). Chukueni pasti pepa, chagueni maswali 10, kila swali mada yake. Kila mtu afanye peke yake bila desa, dakika 40, kisha ajaze jedwali la Google: 0 hajui pa kuanzia, 1 kaishia njiani, 2 kamaliza. Waliokwama mada moja wawe kikundi cha watu 5 hadi 8, humo awemo mwenye 2.

Ila 0 na 1 si ugonjwa mmoja. Kwenye integrali, mwenye 1 mara nyingi mbinu anayo, kinachomwangusha ni aljebra ya sekondari. Mpeni mazoezi ya aljebra, video nyingine ya integrali haimsaidii. Baada ya wiki 2 pimeni tena, vunjeni vikundi. Visipovunjwa vinakuwa vijiwe vya marafiki, na mwenye 2 anachoka kufundisha (naye ana mada inayomshinda, apangiwe kikundi chake).

Zabibu: Mwenye 2 asitume jibu, atume swali la kumsogeza mwenzake hatua moja. Na "sijaelewa" isipokelewe: muulizaji apige picha daftari, azungushie mstari alipokwama.

Mzee wa Bando: Zoom ya bure inakata dakika 40, na bando linaweza kukata kabla yake. Picha ya daftari na sauti ya dakika 3 kwa kawaida hazifiki MB 2. Zimeni upakuaji wa moja kwa moja. Kwenye Telegram ruhusuni wapya waone ujumbe wa nyuma, la sivyo anayeingia wiki ya 6 ataomba madesa yote upya. Kura za kwizi pia zipo, mnaandika maelezo yanayotokea mtu akikosea.

Zabibu: Kura ziwe za siri. Majina yakionekana, wenye 0 hawabonyezi.

Ng'ong'ona_B: Hata jedwali litumie namba badala ya majina, orodha ya namba ipi ni ya nani abaki nayo CR. Namba ya usajili haifai, darasa zima linaijua.