CD inacheza vizuri, lakini nyimbo zikiingizwa kwenye kompyuta ya zamani zinatoka na kelele

Mtunza_Nyimbo

Habari zenu wanajukwaa. Ninaomba msaada katika jambo ambalo limenishinda kwa wiki mbili sasa. Nina kompyuta ya mezani inayotumia Windows XP, na ninakusudia kuhamishia humo CD zangu zote za muziki kabla hazijaharibika, kwa kuwa baadhi yake hazipatikani tena popote, na mbili kati yake ni rekodi za kwaya ambayo wazazi wangu waliimba.

CD yoyote nikiiweka inacheza vizuri kabisa. Shida huanza ninapoiagiza programu ya muziki iingize nyimbo hizo kwenye diski kuu. Wimbo wa dakika nne huchukua karibu dakika nne kuingia, kishale cha kipanya hukwamakwama muda wote huo, na faili inayopatikana imejaa milio ya tik-tik ambayo haimo kwenye CD yenyewe. Nilijaribu pia kuifungua CD na kuziburuta nyimbo hadi kwenye folda yangu. Zilinakiliwa kwa kufumba na kufumbua, lakini nilipoitoa CD hakuna hata moja iliyocheza. Zaidi ya hayo, majina ya nyimbo hayaonekani. Ninachokiona ni namba tu.

Je, kiendeshi cha CD ndicho kilichochoka, au ni CD zenyewe? Ningependa kujua kabla sijaziweka zile mbili za kwaya, kwa sababu sitaki kuzitia na kuzitoa mara nyingi bila sababu.

Fundi_Mstaafu

Ndugu Mtunza_Nyimbo, umefanya vyema kuziweka kando zile mbili. Zijaribu mwisho.

Nianze na zile faili ulizoziburuta. Zitazame ukubwa wake: kila moja ina baiti 44 tu, iwe ni ya wimbo wa dakika mbili au wa dakika kumi. CD ya muziki haina faili kama tunavyozijua kwenye diski kuu. Ina mkondo mmoja mrefu wa sauti, sampuli (yaani vipimo vidogo vya sauti) 44,100 kwa kila sekunde katika kila upande, wa kushoto na wa kulia, na orodha fupi inayoonyesha kila wimbo unaanzia wapi. Windows huibadilisha orodha hiyo ionekane kama faili zenye mwisho wa .cda, ambazo ni vielekezi tu vya mahali wimbo ulipo. Ulinakili vielekezi, sauti ikabaki kwenye CD.

Sasa tuje kwenye kelele. Watu wengi hudhani kwamba CD ikicheza basi kiendeshi kinasoma sawasawa, na dhana hiyo ndiyo inayowapotezea muda. Katika kompyuta nyingi za zamani kuna waya mwembamba unaotoka nyuma ya kiendeshi hadi kwenye kadi ya sauti. Unapocheza CD kwa njia hiyo, kiendeshi chenyewe huigeuza data kuwa sauti na kuipitisha kwenye waya huo, na kompyuta haisomi chochote. Unapoingiza wimbo, njia ni nyingine kabisa: data hupita kwenye utepe mpana wa nyaya unaokiunganisha kiendeshi na ubao mkuu. Njia ya kwanza inaweza kuwa nzima huku ya pili ikiwa mbovu.

Kukwamakwama kwa kishale ndiko kunakonielekeza mahali pa kutazama. Nina shaka kubwa kwamba kiendeshi chako kimeangukia hali ya PIO, ambamo kichakataji hulazimika kubeba data kidogo kidogo kwa mkono wake chenyewe, badala ya hali ya DMA, ambamo data huingia kwenye kumbukumbu bila kukisumbua. Windows XP ina tabia ya kukishusha kifaa ngazi kwa ngazi baada ya kupata makosa sita ya mawasiliano nacho, hadi kinafika PIO, na haikipandishi tena yenyewe hata kama makosa hayo yalisababishwa na CD moja tu iliyochakaa.

Ili kuhakikisha, bofya kitufe cha kulia kwenye alama ya kompyuta yako, ingia kwenye sifa zake, kisha kwenye sehemu ya maunzi, na ufungue orodha ya vifaa. Tafuta vidhibiti vya IDE (vinavyoziunganisha diski na viendeshi na ubao mkuu), fungua sifa za chaneli ya pili (mara nyingi kiendeshi cha CD huwa hapo), na utazame ukurasa wa mipangilio ya ziada. Ukiona hali ya sasa ni PIO ilhali iliyochaguliwa ni DMA, iondoe chaneli hiyo kwenye orodha na uiwashe kompyuta upya. Windows itaitambua tena na kuanza hesabu yake upya. Ikirudi PIO baada ya siku chache, zima kompyuta, chomoa umeme, na uukague ule utepe wa nyaya, kwa sababu uliolegea au uliokunjika vibaya huleta makosa hayohayo.

Msikivu

Ninakubaliana na Fundi_Mstaafu kuhusu PIO, ila sidhani kwamba DMA peke yake itamaliza milio yote.

Kwenye CD ya data, kila sekta (kipande kidogo kinachosomwa kwa pamoja) ya baiti 2,352 hubeba baiti 2,048 za data, na sehemu kubwa ya zilizobaki hutumika kuonyesha anwani ya sekta na kusahihisha makosa. Kwenye CD ya muziki, baiti zote 2,352 ni sauti. Upo usahihishaji wa ngazi ya chini, lakini ile ngazi ya ziada haipo, na anwani si kamili kiasi hicho. Kwa hiyo kompyuta ikichelewa kupokea, kiendeshi husimama, na kinapoanza tena, baadhi ya viendeshi vya zamani huanzia sampuli chache nyuma au mbele ya pale kilipoishia. Panapoungana vipande viwili visivyolingana ndipo panapotoka ule mlio wa tik. Hiyo ndiyo sababu unauona ucheleweshaji na unaisikia milio kwa wakati mmoja.

Dawa yake ni programu inayosoma kila sehemu zaidi ya mara moja na kulinganisha matokeo kabla ya kuyaandika. Exact Audio Copy hufanya hivyo kwenye Windows, na cdparanoia kwenye Linux. Ukipenda kubaki na programu uliyonayo, tafuta katika mipangilio yake chaguo la kusahihisha makosa wakati wa kusoma CD. iTunes na Windows Media Player zote zinalo, nalo huwa limezimwa hadi uliwashe mwenyewe. Kazi itakwenda polepole zaidi, lakini huo ni upole wenye faida.

Kuhusu usafi: tumia kitambaa laini, futa kwa mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda ukingoni, wala usizungushe mkono. Nyimbo zimeandikwa kwa njia ya mzunguko, hivyo mkwaruzo unaoufuata mzunguko huo huharibu data mfululizo kwa urefu ambao kiendeshi hakiwezi kuufidia, wakati ule unaoukata huharibu kidogo tu. Tena uwe mwangalifu zaidi na upande wenye maandishi. Tabaka la data liko mara tu chini ya maandishi hayo, na plastiki nene ya karibu milimita 1.2 iko upande ule mwingine.

Mtunza_Nyimbo

Ninawashukuru sana. Hali ilikuwa PIO kama alivyosema Fundi_Mstaafu. Niliiondoa chaneli, nikawasha upya, na sasa inaonyesha Ultra DMA hali ya 2. Wimbo wa dakika nne unaingia chini ya dakika moja, kishale kinatembea bila kukwama, na CD kumi na moja zimeingia zikiwa safi. Kisha nikajipa moyo nikaweka ya kwanza ya kwaya. Nyimbo nane zimeingia vizuri, lakini wa tisa una milio karibu na dakika ya pili, hata baada ya kuifuta CD na kuwasha usahihishaji. Majina bado hayaji.

Msikivu

Usiilazimishe CD hiyo kwenye kiendeshi hichohicho. Viendeshi hutofautiana sana katika kuvumilia mikwaruzo, na kile kinachoshindwa na sehemu moja si ajabu kikazidiwa na kingine cha kawaida tu. Azima kompyuta nyingine, au kiendeshi cha nje cha USB. Ukitumia cha nje kwenye kompyuta yako, fahamu kwamba tundu la USB 1.1 hupitisha megabiti 12 tu kwa sekunde, na kwamba kiendeshi kisichopata umeme wa kutosha kutoka kwenye tundu hukatika katikati ya kusoma. Punguza pia kasi ya kusoma ikiwa programu inaruhusu.

Kuhusu majina, CD nyingi hazina majina ndani yake. Programu hupima urefu wa nyimbo na mpangilio wake, kisha huiuliza hifadhidata iliyo kwenye intaneti. FreeDB, ambayo programu nyingi za zamani ziliitegemea, ilifungwa mwaka 2020, na Windows XP hushindwa kuwasiliana na tovuti nyingi za leo kwa sababu haizijui njia mpya za usimbaji. Rekodi za kwaya huenda hazikuwahi kuingizwa kwenye hifadhidata yoyote. Ziandike kwa mkono.

Jambo moja kabla sijasahau: kama unatumia Windows Media Player, hakikisha chaguo la kulinda nakala limezimwa. Likiwa limewashwa, faili za WMA hufungwa kwa leseni ya kompyuta hiyo, na siku utakapoibadilisha huenda zisifunguke. Kwa zile za kwaya ningehifadhi WAV, ambayo huchukua takribani megabaiti 10 kwa dakika, au FLAC, ambayo huokoa nafasi bila kupoteza chochote.

Mtunza_Nyimbo

Nimeazima kompyuta ya mkononi ya jirani na kutumia Exact Audio Copy. Wimbo wa tisa ulichukua zaidi ya nusu saa. Programu imetaja mahali pamoja penye shaka, dakika ya pili na sekunde ya 10, nami nimepasikiliza mara tano kwa vipokea sauti vya masikioni bila kusikia kasoro yoyote. Chaguo la kulinda nakala lilikuwa limewashwa muda wote, kwa hiyo zile CD kumi na moja ninazianza upya leo jioni.

Fundi_Mstaafu

Kabla ya kuzianza, itazame tena ile chaneli. CD ile ya kwaya huenda imeirudisha PIO.