MALALAMIKO: Wauzaji wa helmeti za weldi Kisumu na Nakuru, acheni kucheza na macho ya mafundi

Wenye maduka ya vifaa kuanzia Kibuye hadi Nakuru, uzi huu ni wenu. Mafundi nao wasome.

Fundi anaingia dukani anataka helmeti ambayo kioo chake kinagiza chenyewe mwali wa weldi ukiwaka. Anaonyeshwa mbili: moja ya elfu mbili na kitu, nyingine ya makumi ya maelfu. Akiuliza tofauti, duka moja linamwambia "hiyo ghali ni jina tu". Duka la pili linamwambia "hiyo rahisi itakupofusha". Majibu yote mawili ni ya uongo, na anayelipia uongo huo ni mtu anayechoma madirisha na mageti tangu asubuhi mpaka jua linatua.

Kwanza mjue kinacholinda jicho ni nini. Si kule kugiza. Ndani ya katriji (kile kisanduku cha dirisha unalotazamia) kuna kioo chenye tabaka jembamba linalozuia miale ya urujuanimno (ile inayochoma macho na ngozi) na ya infraredi muda wote, helmeti iwe imegiza, iwe wazi, hata betri ikiwa imekufa. Kugiza kunapunguza mwangaza unaoonekana tu. Kwa hivyo helmeti ya bei nafuu iliyo halali, hata ikichelewa kidogo kugiza, itakupiga mwanga na kukuchosha macho, lakini ile miale mibaya imeshazuiwa. Balaa ni feki. Tabaka hilo likikosekana, hakuna mtu anayeweza kuliona kwa kutazama, si muuzaji, si mnunuzi. Kinachobaki ni alama, na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, kwa sababu ukiomba kuona alama unaonyeshwa boksi!

Boksi halilindi mtu. Alama inatakiwa iwe kwenye katriji yenyewe. Ya kiwango cha Ulaya cha EN 379 ni mstari wa namna hii: 4/9-13, kisha herufi za mtengenezaji, kisha 1/1/1/2, kisha 379. Hiyo 4 ni shedi (kipimo cha giza la kioo) ikiwa wazi, 9-13 ni shedi ikigiza. Tarakimu nne zinazofuata ni ubora wa kioo, kutawanyika kwa mwanga, usawa wa giza kioo kizima, na jinsi giza linavyobadilika ukitazama kwa pembe. 1 ndiyo bora, 3 ndiyo hafifu. Ya mwisho usiidharau: ukiwa umelala chini ya trela unatazama mshono kwa upande, helmeti yenye 3 hapo itakuonyesha sehemu moja nyeusi tii na nyingine imefifia. Ya kiwango cha Marekani tafuta Z87 na herufi W pamoja na shedi. Hakuna alama yoyote kwenye katriji? Irudishe kwenye rafu, hata kama bei inavutia.

Halafu kasi ya kugiza. Helmeti rahisi zinaandikwa 1/30,000 ya sekunde kwa maandishi makubwa, na muuzaji anaisoma kama ushahidi. Speedglas 9100, ambayo ni ya bei ghali kwelikweli, mtengenezaji wake anaandika milisekunde 0.1, yaani 1/10,000. Kwa hesabu ya boksi, ile ya elfu mbili ingekuwa na kasi mara tatu. Tarakimu hiyo haikusaidii kuchagua, acheni kuuza nayo.

Kinachotofautisha kwa kweli ni hivi. Ya ghali ina sensa (vijicho vya mbele vinavyotambua mwali) 3 au 4, ikiwa wazi huwa shedi 3, rangi zinaonekana karibu na zilivyo badala ya kijani kibichi, na mtengenezaji anakuandikia ampea za chini kabisa inazoweza kutambua. Ya rahisi mara nyingi ina sensa 2. Bomba likiziba sensa moja na mkono ukiziba ya pili, kioo kinafunguka katikati ya mshono. Kwenye TIG (weldi ya sindano ya tungsteni na gesi) ya stenlesi, ukishuka chini ya ampea 20, nyingi za rahisi zinaanza kupepesa, na kila kupepesa ni mwanga mkali usoni. Ukanda wa kichwani pia: meno ya plastiki ya kile kitufe cha kukazia yanaisha, helmeti inateleza kila ukiinama.

Betri nayo! "Inatumia sola" wanasema, wanaishia hapo. Katika nyingi za bei ya chini betri imefungiwa ndani, haina mlango, na hicho kisola kinasaidia tu. Betri ikiisha umenunua takataka. Nunua yenye kijidroo cha CR2032 au CR2450 unachofungua kwa kucha. Na usiiache kwenye dashibodi ya pikapu iliyofungwa madirisha kwa jua la Kisumu. Nyingi zimeandikwa kufanya kazi mwisho nyuzi 55.

Lakini linaloniudhi kuliko yote ni vile vifuniko vya plastiki vya mbele. Vinagharimu kidogo sana, ndivyo vinavyopokea cheche, na duka linalouza helmeti halina hata kimoja! Fundi anaendelea na kifuniko kilichojaa madoa, sensa hazioni vizuri, helmeti inapepesa, anaambiwa "imeharibika, nunua nyingine". Kabla ya kulipa dai vifuniko 5 vya saizi yake. Hawana? Nenda duka lingine.

Kuchagua basi. Rodi za geji 12 kwa ampea 70 hadi 90, skwea tubu na bati: helmeti nafuu yenye alama halali na betri ya kubadilishwa inatosha, weka shedi 10. Geji 10 hadi ampea 130, shedi 10 au 11. Ukivuka 160 panda 12. Kama kazi yako ni TIG, mabomba, au MIG (weldi ya waya) kutwa nzima, jikaze ununue ya sensa 4. Na kama hela haitoshi kwa yenye alama, chukua helmeti ya kawaida yenye kioo cha shedi 11 kisichobadilika. Hiyo inakulinda kuliko otomatiki isiyo na alama, na kuliko miwani ya jua mara mia.

Jibu la 1
Umesema kweli, mkuu. Niongeze namna ya kupima dukani: elekeza rimoti ya TV kwenye sensa ubonyeze, au toka nje uielekeze kwenye jua. Nyingi zitagiza. Ziba sensa zote kwa vidole ubakishe moja, jaribu moja moja. Ila muelewe, hapo umepima sensa tu. Kuzuia miale hakupimwi kwa rimoti, alama iko palepale. Wauzaji wanaofanya huo mchezo wa rimoti kama ndio cheti, muache.

Jibu la 2
Wakubwa, na wale mnaochoma mkiwa mmebanana, kitufe cha usikivu wa sensa msikiachie juu kabisa, mwali wa jirani utawagizia kila saa. Zungusha hadi juu, helmeti igize kwa mwanga wa pembeni, kisha rudisha polepole mpaka ifunguke, acha hapo. Muda wa kufunguka: kwa kutaki (kushikiza vipande kwa nukta za weldi) weka sekunde 0.1, kwa geji 10 ampea nyingi sogeza 0.7 au zaidi, maana chuma bado kinawaka ukimaliza.

Pia mabosi wasijifiche nyuma ya wauzaji. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Kumtuma kijana akachome na miwani ya jua ni kuvunja sheria.

Mwenye uzi
Asante, fundi. Na macho yakishachomwa, ule mchanga machoni huja saa 6 hadi 12 baadaye, usiku. Viazi na maziwa haviponyi, nenda kliniki. Yale matone ya ganzi ni ya daktari kukupimia pale pale. Usiyabebe nyumbani, yanachelewesha jicho kupona.