Kondo la nyuma na tansion: vinahusianaje?

Furaha_Kadutu: Jambo wote. Mdogo wangu ana mimba ya miezi saba na nusu. Kwenye CPN (kliniki ya wajawazito) walimpima wakakuta tansion (presha ya damu) 150/100, na protini kwenye mkojo, wakamlaza. Tantine anasema ni chumvi na magomvi ya nyumbani. Munganga (daktari) anasema shida inatoka kwenye kondo. Sasa kondo liko tumboni, figo na tansion vinaingiaje? Na vidole vimevimba, pete haitoki hata kwa sabuni.

Muzalishaji_Ibanda: Pole, yaya. Tantine umheshimu, ila hapa munganga ndiye mwenye haki. Ndani ya kila mshipa wa damu kuna safu moja tu ya seli. Hizo ndizo zinalegeza mshipa, kwa kutoa oksidi ya nitriki, na kuzuia maji yasivuje. Zinategemea protini mbili, VEGF na PlGF. Kondo lisilopata damu vizuri linamwaga ya tatu, sFlt-1, ambayo inazikamata zile mbili humo humo kwenye damu, zisifike kwenye seli. Basi mishipa inakaza, tansion inapanda. Maji yanavuja, ndiyo hiyo pete. Kwenye figo vichujio vinavimba, protini inapita.

Labo_Bagira: Hilo lilijaribiwa. 2003 kundi la Karumanchi kule Boston liliwapa panya sFlt-1 nyingi, wakapata tansion na protini kwenye mkojo, hata wasio na mimba. Panya si mama wa Kadutu, najua. Kilichonishika mimi ni bevacizumab, dawa ya saratani inayofunga VEGF: nayo inaleta tansion na protini kwenye mkojo, hata kwa mwanaume!

Furaha_Kadutu: Kumbe! Anasema tangu asubuhi anaona nyotanyota. Ni njaa?

Muzalishaji_Ibanda: Hapana! Ita infirmier (muuguzi) SASA, usingoje jibu hapa. Nyotanyota, kichwa kuuma sana, maumivu chini ya mbavu za kulia: kifafa cha mimba kinaweza kuwa karibu. Kuna sindano ya magnesiamu salfeti ya kukizuia.

Furaha_Kadutu: Wamekuja, wamemchoma. Munganga anasema huenda wakamzalisha mapema.

Muzalishaji_Ibanda: Kondo likitoka, sFlt-1 inashuka. Lakini asikimbilie nyumbani, kifafa kinaweza kuja hata baada ya kuzaa. Na mimba nyingine akiipata, aanze CPN mapema, aseme yaliyompata: kuna aspirini ndogo, 75 mg kwa siku, wanaianzisha kabla ya juma la 20.