Mtumbwi mmoja, mgawo mmoja, maisha mawili: tofauti inatoka wapi?

Mtunza Daftari, Igombe:

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni karani wa mtumbwi wa dagaa hapa Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Kila asubuhi naandika ndoo zilizoshuka, bei ya siku hiyo, gharama za mafuta na taa, kisha mgawo wa tajiri, yaani mwenye mtumbwi, na wa wavuvi. Juzi mbalamwezi ilipopamba na mitumbwi ikalala, maana dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, nilipata nafasi ya kufanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya: nilijumlisha migawo ya vijana wawili walioanza kazi kwetu wiki moja, na ambao tangu siku ile wamefanya kazi miaka miwili kamili.

Mmoja ni wa Ukerewe, mwingine ni wa Sengerema. Yule wa Ukerewe amenunua kiwanja upande wa Buswelu, na msingi wa nyumba yake umeshapanda. Yule wa Sengerema bado analala kambini, na akitaka kwenda kwao hukopa nauli. Wote hawajaoa, na wote wawili wanakunywa bia, tena mara nyingi kwenye meza moja. Siku zote nimekuwa nikieleza tofauti yao kwa maneno mepesi, kwamba huyu ana akili ya maisha na yule hana, nikitarajia kwamba hata hesabu ingeonyesha mmoja ni mtoro wa kazi. Haikuonyesha hivyo. Katika miaka hiyo miwili wa Ukerewe alipata shilingi 8,140,000 na wa Sengerema 8,065,000. Tofauti ni shilingi 75,000, fedha ambayo haijengi hata choo.

Swali langu kwenu ni hili: ikiwa kipato kimelingana hivyo, je, kilichobaki chote ni tabia ya mtu, au kuna sehemu ambayo tunapaswa kuiita bahati, na mtu anaitambuaje?

Mama Chanja, Kirumba:

Mwanangu karani, nakushukuru kwa kuuliza kabla hujahukumu, maana hapa Mwaloni, soko letu la dagaa, hukumu hutoka kabla dagaa hawajakauka.

Nikuambie kisa kimoja. Masika ya mwaka jana nilinunua ndoo 40 za dagaa wabichi nikawaanika asubuhi na mapema, jua likiwa linawaka. Jirani yangu, ambaye tunanunua pamoja kila siku, aliamka na homa siku hiyo akashindwa kutoka. Saa nane mchana mvua ikashuka bila kupiga hodi. Kufikia jioni dagaa wangu walikuwa wameanza kulainika na kutoa harufu, na walioniokoa ni watu wa chakula cha kuku, ambao hununua kwa bei wanayoitaka wao kwa sababu wanajua huna pa kwenda. Sasa sikiliza: wiki iliyofuata nilisikia watu wakimsifu jirani yangu kuwa ana machale, kwamba yule mama anajua kusoma mawingu. Alikuwa kitandani amejifunika shuka! Wazee walisema kupata si werevu na kukosa si ujinga, lakini tunaisema methali hiyo misibani tu, sokoni tunaisahau.

Mwaka 2020 ziwa lilipofura lilichukua vibanda na sehemu za kuanikia kwenye mialo mingi ya kushushia samaki. Maji hayakuuliza nani anaweka akiba na nani hana. Hata hivyo, kuna walioinuka tena ndani ya miezi mitatu na kuna ambao sijawaona sokoni hadi leo, na wengi wa waliorudi walikuwa na kikoba cha kuweka na kukopeshana, au mume mwenye mshahara, au ng'ombe wa kuuza kijijini. Kwa hiyo bahati mbaya ni moja, lakini kila mtu huipokea kwa mto wake wa kulalia.

Nina ombi, mwanangu. Jumla haikuambii kitu. Rudi kwenye daftari uangalie safu ya makato, yaani fedha waliyochukua kwa tajiri kabla ya mgawo, na uangalie waliichukua siku gani.

Mwalimu wa Uchumi, Nyegezi:

Naunga mkono ushauri wa Mama Chanja, na ningependa kueleza kwa nini safu hiyo ya makato ina uzito kuliko inavyoonekana.

Mwaka 1957 mchumi wa Marekani, Milton Friedman, alitoa hoja kwamba watu hawatumii fedha kwa kufuata kipato cha leo, bali kwa kufuata kile wanachotarajia kukipata kwa kipindi kirefu. Kwa hoja hiyo mvuvi wa dagaa, ambaye hana kazi kwa siku kama kumi za mbalamwezi kila mwezi, anapaswa kuweka sehemu ya mavuno ya gizani ili ale wakati mwezi unang'aa. Hoja ni nzuri, ila inasimama juu ya sharti ambalo kwenye mwalo ni nadra: lazima mtu awe na mahali salama pa kuweka fedha, na akipungukiwa aweze kukopa kwa bei ya haki. Kambini hakuna mlango unaofungwa. Na mkopo unaopatikana usiku huohuo, bila dhamana na bila maswali, ndio huu ambao sote tunauita kausha damu. Chukua mkopo wa shilingi 100,000 unaorudishwa 130,000 baada ya mwezi. Mtu anayeshindwa kulipa deni lenyewe na kubaki akilipa riba peke yake atatoa shilingi 360,000 kwa mwaka, na mwisho wa mwaka bado anadaiwa 100,000 ileile. Weka mkopo kama huo juu ya kijana mmoja kati ya hao wawili, nawe huhitaji tena kutafuta sababu nyingine.

Kuhusu tabia, kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ambao huwa nauleza darasani kila mwaka. Watafiti walikwenda Tamil Nadu, nchini India, kwa wakulima wa miwa, ambao hupata sehemu kubwa ya kipato chao kwa mkupuo baada ya mavuno. Waliwapima uwezo wa kufikiri kabla ya mavuno, wakiwa na madeni na wameweka vitu rehani, kisha wakawapima tena baada ya kulipwa. Walikuwa ni wakulima walewale, na walifanya vibaya zaidi kabla ya mavuno. Maelezo ya watafiti ni kwamba ukata huijaza akili; mtu anayewaza deni la kesho hana nafasi ya kuwaza kiwanja cha mwakani. Maana yake ni kwamba tunachokiita tabia mbaya ya maskini wakati mwingine ni matokeo ya umaskini, ingawa kwa macho huonekana kama chanzo chake.

Mfano mwingine uko karibu na ziwa letu. Huko Bumala, magharibi mwa Kenya, wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwawezesha wafanyabiashara wadogo kufungua akaunti za kuweka fedha. Akaunti hizo hazikutoa riba, na kila aliyetoa fedha alikatwa ada. Kwa mahesabu ya kawaida ni biashara ya hasara, lakini wanawake wengi wa sokoni waliziweka fedha humo, na mitaji yao ikaongezeka. Walichokuwa wakikinunua kwa ada ile ni ukuta kati ya fedha na mkono, wa mtu mwenyewe na wa jamaa zake.

Mstaafu wa Minofu, Pasiansi:

Nimewasoma wote kwa makini, na nasikia uchungu kidogo kwa sababu naona mazungumzo yanaelekea mahali ambapo mtu hataweza tena kulaumiwa kwa lolote.

Bahati mbaya naijua. Nilikuwa mkata minofu katika kiwanda kimoja hapa Mwanza mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu zilizotumika kuvulia. Tulirudishwa nyumbani, wachapakazi na wavivu pamoja, kwa kosa ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifanya. Sangara waliuzwa kwa bei ya kutupa, na mke wangu akaanza kuuza vitumbua ili watoto wale. Kama mnatafuta ushahidi kwamba kipato cha mtu wa Mwanza kinaweza kukatwa na uamuzi uliofanyika Brussels, mimi ni shahidi.

Lakini sehemu ya pili ya kisa ndiyo ninayotaka muisikie. Kazi ilirudi, na baada ya miaka michache niliacha kiwanda nikaingia kwenye biashara ya mabondo, yaani vibofu vya hewa vya sangara, ambayo wanunuzi wake wako China na bei yake kwa kilo huiacha mbali bei ya minofu. Kuna msimu mmoja nilishika fedha ambayo sijawahi kuishika tena. Sikuwa na njaa, sikuwa na deni, akili yangu haikuwa imejaa kitu chochote. Nilinunua redio yenye spika ndefu kama mtoto wa darasa la nne, nikaiweka barazani, na kila jioni nikawa na wageni ambao walikunywa soda zangu na bia zangu mpaka mtaji ukaisha. Mwenzangu tuliyeanza naye alinunua mashine ya kukoboa mpunga. Hapo, Mwalimu, utaniletea mkulima gani wa miwa anitetee?

Dereva, Kigongo:

Nitasema machache. Dada yangu alikuwa akiuza samaki wa kukaanga na mahindi ya kuchemsha kwenye foleni ya kivuko hapa Kigongo, na kwa biashara hiyo amesomesha watoto wawili. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa. Mimi napita juu ya maji kilomita tatu kwa dakika chache, abiria wangu wanashangilia, na mapato yangu yameongezeka. Dada hana gari la kusimamisha. Hakubadilisha tabia yoyote, wala mimi sikubadilisha. Sijui mtaiweka wapi hiyo kwenye hesabu zenu.

Mwalimu wa Uchumi, Nyegezi:

Mzee wangu wa Pasiansi, shikamoo. Sikutetei, na umejihukumu vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Ila niruhusu nikuulize: je, siku ile ulipokuwa ukinunua redio, fedha hiyo ulikuwa umeishika mkononi yote kwa pamoja? Nauliza kwa sababu fedha iliyokuja kwa mkupuo hutumika tofauti na fedha ileile ikija kidogo kidogo, na hilo halihusiani na umaskini. Hata mafao ya wastaafu tumeyaona.

Dereva, kisa cha dada yako kinanikumbusha hesabu ya Branko Milanovic, mchumi aliyeonyesha kwamba zaidi ya nusu ya tofauti za vipato vya watu duniani inaelezwa na mambo mawili tu: nchi unayoishi na jinsi mapato yanavyogawanyika ndani ya nchi hiyo. Dada yako amekutana na jambo hilo kwa kipimo kidogo, kwamba alisimama upande wa barabara uliokuwa wa faida, kisha barabara ikahamishwa.

Mstaafu wa Minofu, Pasiansi:

Marahaba mwanangu. Ndiyo, ilikuwa yote mkononi, kwenye mfuko wa rambo. Lakini hata ya mwenzangu ilikuwa kwenye mfuko wa rambo.

Mtunza Daftari, Igombe:

Nimerudi. Nimefanya kama Mama alivyoagiza, na nimekaa na daftari usiku wa jana mpaka macho yakauma.

Mwaka wa kwanza wote wawili walikopa kwa tajiri kiasi kinacholingana, tena siku zilezile za mbalamwezi. Mwezi wa kumi na nne tangu waanze kazi, kwa kijana wa Sengerema nimekuta shilingi 400,000 zimeandikwa kwa mwandiko wangu mwenyewe: "hospitali, mama." Nililiandika nikalisahau. Kuanzia hapo kila mgawo wake unakatwa, na wiki zile ambazo makato yalimaliza karibu kila kitu ndizo wiki ambazo, nimemwuliza leo, alikwenda kwa watu wa kausha damu. Deni la tajiri liliisha baada ya miezi mitano. Hilo la pili, la kausha damu, bado analo. Kwa hiyo ile shilingi milioni nane niliyowaandikia ni kweli kwenye karatasi, lakini mkononi mwake haikufika.

Kijana wa Ukerewe naye nimemwuliza anawezaje. Akacheka. Ana shangazi yake anayenunua dagaa hapahapa mwaloni, na kila asubuhi akitoka majini humpa shangazi nusu ya mgawo kabla hajanawa uso. Shangazi hamrudishii hata akilia. Sasa hapo nimekwama, kwa sababu shangazi ni bahati, si kila mtu ana shangazi mwalo mmoja naye, lakini kumkabidhi fedha kila siku kwa miaka miwili ni uamuzi ambao hakulazimishwa na mtu. Na mama yake huyu hakuugua.

Nimezungumza na tajiri, amekubali niongeze safu moja kwenye daftari kwa anayetaka kuwekewa sehemu ya mgawo mpaka siku za mbalamwezi. Wavuvi ni sita. Watatu wamekubali. Kijana wa Sengerema amekataa, anasema kwanza amalize kinachomla.

Mama Chanja, Kirumba:

Amekataa kwa haki. Riba ya asilimia 30 kwa mwezi, kama ile ya mfano wa Mwalimu, haishindwi na akiba. Kila shilingi aliyonayo aipeleke huko kwanza. Mwambie tajiri amlipie deni lote kwa mkupuo, kisha amkate yeye polepole bila riba. Atapoteza nini? Mvuvi asiyekimbizwa na wadai halali nje ya kambi.

Na hiyo fedha ya wale watatu usiiache kwa tajiri, hata kama ni mwema, maana siku injini ikiibiwa atakumbuka kwamba ipo. Fanyeni kama tunavyofanya kwenye kikoba: sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu.

Mtunza Daftari, Igombe:

Sanduku lipo, lilikuwa la kuwekea glasi za taa. Kufuli nitazifuata madukani Makoroboi, mjini Mwanza, kesho. Hilo la deni nitamfikishia tajiri jioni, akishashiba.