Japani na mama mwenye magoti: hoteli ya biashara, ryokan, kapsuli, hekalu au nyumba ya kupanga?

Kijana_wa_Chumbageni
Wakuu, salaam. Mdogo wangu anamaliza shahada Nagoya mwishoni mwa Machi, na mama ameapa mahafali hayafanyiki bila yeye. Tutakuwa wawili, usiku nane: Nagoya, Kyoto, halafu Tokyo kupanda ndege. Mama ana miaka 64, magoti yanamsumbua, na nyama isiyochinjwa hagusi. Nimesoma aina za malazi mpaka kichwa kinauma. Matangazo nimeyaona ya kutosha, nataka mliyoyapata wenyewe.

Bi_Kibokoni
Mwanangu, ryokan, nyumba yao ya wageni ya kijadi, ni ukweni. Nililala usiku mbili Hakone. Utaheshimiwa, utalishwa mpaka uombe radhi, lakini kujinyoosha utakavyo, sahau. Chumba unapewa saa tisa alasiri, chakula ni saa kumi na mbili jioni. Ukizurura ukachelewa, sinia limekupita.

Viatu unavua mlangoni unapewa ndara, ndara nazo unavua ukifika kwenye tatami, ile mikeka yao minene, na choo kina ndara zake peke yake. Mimi nilitoka na za choo mpaka ukumbini. Mhudumu akaziangalia asiseme neno. Bora angesema!

Halafu yukata, ile nguo ya pamba ya kushindia. Nikajifunga kama nifungavyo leso, upande wa kulia juu. Bibi mmoja mhudumu akaja mbio, akanifunga upya palepale: kushoto juu ya kulia. Kumbe kulia juu huvishwa maiti.

Na bafu sasa. Maji moto ya ardhini, onsen, wanawake mbali wanaume mbali, lakini mnaoga pamoja na hakuna anayevaa kitu. Mimi nilitoka harusini juzi yake, piko mpaka viwikoni. Nikazuiwa mlangoni, wakidhani ni tatuu. Nikaeleza kwamba inatoka yenyewe baada ya wiki mbili, wapi! Mwisho wakanipa bafu la faragha dakika 45, nikajifungia peke yangu. Wallahi ndilo nililolitaka tangu mwanzo.

Kwa mama, uliza mambo mawili kabla hujalipa: chumba chenye vitanda (vipo vya mchanganyiko, tatami na vitanda pamoja) na kiti cha kulia. La sivyo atakula chini, alale chini, na asubuhi mtamwinua wawili.

Mrefu_wa_Sakina
Kapsuli mama haiwezi, ila wewe onja usiku mmoja. Ya kwanza ilifunguliwa Osaka mwaka 1979, kazi ya msanifu Kisho Kurokawa. Ni kijumba cha urefu wa mita 2 hivi, upana na kimo kama mita 1, kimoja juu ya kingine. Mlango hakuna, unashusha pazia. Usafi siwezi kuulaumu, bafu kubwa, nguo za kulalia unapewa, nililipa yeni 4,200. Tatizo ni watu. Wa juu yangu alikoroma kama mashine ya kusaga, na wa jirani saa kumi alfajiri akaanza kupanga mifuko ya plastiki. Begi kubwa haliingii, linabaki mapokezi. Tena wanaume na wanawake hulala sehemu tofauti, kwa hiyo mngetengana tu.

Nipo_Nagoya
Naishi huku mwaka wa nne. Hoteli ya biashara, ile ya vyumba vidogo vya wasafiri wa kazi, ndiyo jibu lako, haina hadithi lakini ina usingizi. Angalia tu unachobonyeza: kitanda wanachokiita semi-double mara nyingi ni sentimita 120, wewe na mama mtalala kama dagaa. Chukua chumba cha vitanda viwili. Bafu ni la plastiki lililoungana na choo, lina kizingiti na beseni refu la kuvuka, kwa hiyo omba chumba cha mtu mwenye shida ya kutembea. Choo kinanawisha chenyewe kwa maji ya vuguvugu, mama atafurahi kuliko alivyofurahia ndege.

Bei ya hoteli hizi kwa kawaida ni ya chumba. Ryokan wanahesabu vichwa, na huongeza kodi ya maji moto, kwa kawaida yeni 150 kwa mtu. Wengi huona bei ya kichwa wakadhani ni ya wote wawili. Halafu mwishoni mwa Machi ni maua ya sakura (cheri), watu hufurika kuyaona. Kyoto weka nafasi leo.

Jiko_Langu
Mimi natetea nyumba ya kupanga, kwa sababu ya jiko. Mchele na mayai ya dukani, mama anapika anachokiamini. Tangu Juni 2018 kuna sheria, mwenye nyumba wa aina hiyo lazima asajiliwe na haruhusiwi kupokea wageni zaidi ya siku 180 kwa mwaka. Dai namba ya usajili.
Ila yangu ya Kyoto ilikuwa nyumba ya mbao ya kizamani, ngazi zimesimama kama za mnazi. Na takataka! Za kuungua kando, plastiki kando, makopo kando, kila moja na siku yake. Jirani alinirudishia mfuko mlangoni.

Ustadhi_Mpole
Hekalu sijaona likitajwa. Koyasan, mlimani mkoa wa Wakayama, mahekalu yapatayo 50 hupokea wageni. Chakula hakina nyama wala samaki, na supu huchemshwa kwa mwani. Tofu ya ufuta ile, mpaka leo naikumbuka. Lakini hakina nyama si sawa na halali: mchuzi unaweza kuwa na pombe ya mchele. Waandikie siku kadhaa kabla, ukisubiri mpaka ufike umechelewa, sufuria iko jikoni. Ibada yao ya asubuhi mgeni hukaribishwa, halazimishwi. Mimi niliswali alfajiri chumbani, wenyewe wakaanza yao baadaye. Ila Machi kule juu baridi inauma mifupa, vyoo vingi ni vya pamoja mwisho wa korido. Kwa magoti hayo, safari nyingine.

Kijana_wa_Chumbageni
Mbarikiwe nyote. Nagoya na Tokyo hoteli ya biashara, vitanda viwili. Kyoto usiku mmoja tu ryokan, chumba chenye vitanda na bafu la faragha, nimeshaandika kuhusu pombe kwenye mchuzi.
Bi_Kibokoni, nisaidie hapa: mama ameshaweka miadi ya piko kwa ajili ya mahafali. Mikono yote miwili. Namwambiaje?