Uzio wa kuzuia nyoka kuingia uani: nichague wavu wa aina gani, na ufungwe namna gani?

Mkazi wa Isyesye, Mbeya

Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Ninaishi pembezoni mwa jiji la Mbeya, katika kiwanja cha mita 40 kwa 35 kinachopakana na mashamba ya mahindi na korongo lenye majani marefu. Tangu majirani walipovuna, kifutu ameonekana zaidi ya mara moja karibu na banda la kuku, nami nina watoto wadogo ambao hucheza uani mchana kutwa. Upande mmoja nina uzio wa mabanzi na pande zilizobaki ni michongoma. Fundi mmoja amenishauri nizungushe waya wa kuku kiwanja kizima, na jirani yangu anasisitiza kwamba vidonge vya naftalini na mafuta ya taa vinatosha. Ningependa kazi hii ikamilike kabla ya mvua za Novemba, kwa hiyo naomba ushauri wa mtu anayeifahamu.

Fundi wa uzio, Mafinga

Ndugu, kabla ya kuzungumzia wavu, nakusihi usizungushie kiwanja kizima. Uzio wa nyoka hauna faida ukiwa na pengo hata moja, na kadiri unavyokuwa mrefu ndivyo unavyokuwa mgumu kuukagua. Zungushia nyumba na sehemu wanayochezea watoto tu. Ikiwa sehemu hiyo ni mita 25 kwa 20, mzunguko wake ni mita 90, yaani roli tatu za mita 30, kwa kuwa mita chache zitakazochukuliwa na lango ndizo zitakazokutosha kwenye maungio. Kiwanja kizima kingekudai mita 150.

Waya wa kuku haufai. Matundu yake humpitisha nyoka mdogo bila taabu, na kifutu huzaa watoto walio hai, mara nyingi kati ya 20 na 40 kwa mkupuo, kila mmoja akiwa mwembamba na tayari ana sumu. Chagua wavu wa chuma uliopakwa zinki, wenye matundu ya mraba yasiyozidi milimita 6, na ukiweza kupata wenye upana wa sentimita 120 utakuwa umerahisisha kazi yote: sentimita 90 zibaki juu ya ardhi, 15 zishuke ndani ya mtaro, na 15 za mwisho zikunjwe kuelekea nje chini ya udongo, ili nyoka au panya anayetafuta njia chini ya uzio akutane na waya. Nyavu za plastiki ziepuke kabisa, kwa sababu nyoka hunasa humo akiwa hai na anayekuja kumnasua ndiye anayeumwa.

Nguzo za milingoti zinatosha, zikipakwa oili chafu sehemu inayoingia ardhini ili mchwa wasizimalize. Zisimamishe kila baada ya mita mbili, zote zikiwa upande wa ndani wa wavu, maana nguzo iliyo nje ni ngazi ya kupandia. Uzio wenyewe uinamie nje kwa takriban digrii 30, hivyo nyoka anayejaribu kupanda atajikuta ananing'inia na kuanguka upande alikotoka. Mahali roli mbili zinapokutana, zipishane angalau sentimita 20 na zishonwe kwa waya wa kufungia nondo kuanzia juu hadi ndani ya mtaro.

Mabanzi yako yanaweza kubaki kama uzio wa nje, lakini yasigusane na wavu.

Mama wa Tukuyu

Naongeza jambo moja kwa sisi wenye migomba na miparachichi. Hakuna wavu utakaomzuia nyoka wa mtini kama tawi limeegemea uzio au limevuka juu yake, kwa hiyo kata matawi yote yaliyo karibu na uweke ukanda wa mita moja usio na majani, ndani na nje. Huku kwetu mvua ni nyingi na majani huota haraka, nasi tunalazimika kufyeka mara kwa mara, kwani nyasi zikishika wavu huupa nyoka pa kushika na huifanya chuma ishike kutu. Angalia pia mashimo ya fuko, kwa sababu mnyama huyu huchimba chini zaidi ya mtaro wako, na njia yake huwa njia ya nyoka.

Mwalimu wa baiolojia, Iringa

Nawaunga mkono waliotangulia. Kuhusu naftalini na mafuta ya taa, usipoteze fedha yako: naftalini imejaribiwa na nyoka wamepita juu yake bila kusita, na zaidi ya hapo ni sumu kwa mtoto atakayeokota kidonge na kukitia mdomoni.

Jiulize kwa nini kifutu amekuja baada ya mavuno. Mahindi yakitoka shambani, panya huyafuata hadi ghalani, naye nyoka humfuata panya. Kama pumba zinamwagika bandani na magunia yamelazwa sakafuni, utakuwa umejenga uzio kuzunguka kile kile kinachomvuta. Inua magunia juu ya vichanja, kusanya mayai kila jioni, na uhamishe rundo la kuni na tofali nje ya eneo unalozungushia. Kazi hiyo ifanywe kabla ya wavu kufungwa, tena mchana, kwa reki ya mpini mrefu na mabuti ya mpira, kwa sababu nyoka aliyejificha humo ukimzibia atakuwa amefungiwa pamoja na watoto.

Uzio hupunguza hatari tu, kwa hiyo watoto wavae viatu na usiku watu watembee na tochi. Ikitokea mtu ameumwa, usichanje jeraha wala usikaze kamba. Mtulize, mvue pete na bangili, kizuie kiungo kisitikisike, kisha mpeleke hospitalini mara moja.

Mkazi wa Isyesye, Mbeya

Nawashukuru sana, hasa kwa hoja ya ghala, ambayo hakuna fundi aliyenigusia. Nimebakiwa na swali la lango. Ni la chuma, lina milango miwili, na chini yake mkono wangu unapita. Nilifanyeje?

Fundi wa uzio, Mafinga

Lango ndiko nyoka wengi wanakopitia, kwa hiyo usilifanye la mwisho. Mimina kizingiti cha zege chenye upana wa sentimita 30 kutoka nguzo hadi nguzo, kikiwa kimesawazishwa vizuri, kisha funga kwa boliti ukanda wa mpira wa tairi chini ya kila mlango ili ukiguse kizingiti bila kuacha mwanga. Milango yote miwili ivalishwe wavu wa aina ile ile hadi kimo cha uzio, kwa kipande cha ziada juu ya zile roli tatu, na pale inapokutana katikati ongeza ukanda wa bati kuziba ufa. Kama maji ya mvua hutokea langoni, yatengenezee bomba lake pembeni, mdomo wake ufunikwe kwa wavu huo, na uuzoe takataka kila baada ya mvua kubwa, vinginevyo maji yatachimba njia mpya chini ya uzio.

Usiku ukifika, washa tochi ndani na mtu asimame nje: kila panapopenya mwanga chini au pembeni mwa lango, ongeza mpira.